Kiungo cha Karani

Swali ambalo nimeulizwa kuliko yote katika kazi yangu si lile mnalodhani, vijana wangu. Watu hawakuniuliza sana kuhusu damu, wala kama mbwa huota ndoto akiwa amelazwa na dawa ya usingizi. Swali lilikuwa hili: "Daktari, huu mguu utaanza kukunjika lini?" Na mimi, nikiwa ndiyo kwanza nimeufanya usikunjike tena maisha yake yote, nilikuwa navuta kiti, naketi, naanza kueleza upya.

Sasa nimestaafu. Nakaa Kabuchai, nina miwa kidogo, kuku wasionisikiza, na muda mwingi wa kuongea. Wengine wenu mnaosomea udaktari wa mifugo hunipitia mkielekea kwenu likizo, mnakunywa chai yangu na kuniomba niwaeleze habari za upasuaji wa mbwa. Nitawaeleza. Lakini mnanijua, sina haraka, na nikikumbuka jambo la kuchekesha njiani nitalichukua.

Kwanza mwelewe tulikuwa tunafanya nini. Mbwa akiruka kutoka mahali pa juu akatua vibaya, kano za nyuma ya kifundo cha mguu wa mbele hukatika. Nasema kifundo kile kilicho pale ambapo sisi huvaa saa. Kano hizo zikikatika, mbwa anakanyaga na kiganja chote, kama mtu aliyevaa kandambili za babake. Ukimfunga plasta ukangoja, ukiitoa anakanyaga vilevile, kwa sababu kano zile hazirudi kuwa na nguvu ya kubeba mwili. Basi sisi tunafungua kifundo, tunaondoa gegedu lote linalofanya mifupa iteleze, tunajaza katikati vipande laini vya mfupa tulivyochota kwenye bega lake mwenyewe, tunalaza bamba la chuma mbele, tunalikaza kwa skrubu, halafu tunaomba Mungu na kungoja mifupa iote iwe mfupa mmoja. Kiungo kinakufa, mguu unapona. Bega linafanya kazi, kiwiko kinafanya kazi, na mbwa anatembea bila maumivu. Kliniki yetu ilikuwa Matisi, pale Kitale, tumezungukwa na mafundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo wateja waliupa upasuaji huo jina la "kuchomelea mbwa." Mwanzoni nilikasirika. Baadaye nikaona jina hilo linaeleza vizuri kuliko hotuba yangu.

Aliyenifundisha alikuwa Daktari Gathogo, mzee mpole ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa akipasua huku anapiga mluzi wa nyimbo za kanisa. Ukisikia mluzi umekatika ujue kuna mshipa umemsumbua. Hakuniruhusu kugusa mbwa hata mmoja mpaka nifanye mazoezi kwenye miguu ya mbuzi, hivyo kila Ijumaa nilikuwa naenda kwa mchinjaji mmoja pale Matisi kununua miguu. Mchinjaji akadhani nina mgonjwa nyumbani aliyevunjika, anayehitaji supu. Akaanza kunichagulia ile mizuri. Kila wiki aliniuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" na mimi kwa aibu namjibu kwamba anaendelea vizuri. Siku moja akafunga duka mapema akaja na mkewe kumjulia hali mgonjwa huyo, wamebeba na mkate. Wakanikuta nimekaa uani na drili ya seremala, natoboa mguu wa mbuzi, na mingine imepangwa pembeni imepigwa skrubu. Mama yule alimvuta mumewe mkono wakaenda zao. Mkate waliuacha, tukaunywea chai na Daktari Gathogo.

Hiyo drili ya seremala msiicheke. Hatukuwa na nyingine. Tuliivika kitambaa kilichochemshwa, tukaifunga vizuri, ikatoboa mifupa miaka mingi bila mbwa hata mmoja kulalamika. Picha za eksirei nazo tulikuwa tunazisafisha gizani kwenye chumba kidogo kilichonuka siki, tukitoka huko macho yanatiririka, halafu picha yenyewe unakuta umepiga kidole chako. Leo mnapiga picha, inatokea kwenye skrini kabla mbwa hajapiga chafya, na kabla ya upasuaji mnatazama video kwenye simu. Nawaonea wivu, sifichi. Lakini gegedu bado ni lile lile.

Nikae hapo kidogo. Gegedu ni jeupe, linang'aa, linateleza, na lina ujanja wa kujificha kwenye kona. Daktari Gathogo alinifundisha kulikwangua kama ukoko wa ugali ulioshika sufuria, bila kuharakisha, mpaka uone vitone vya damu vinachungulia kwenye mfupa. Hapo ndipo mfupa uko hai na uko tayari kushikana na mwenzake. Ukiacha kipande, hata kidogo, mifupa itakaa pale miezi na miezi inatazamana tu. Na kabla hujamlaza mbwa mezani, msimamishe. Tazama mguu wa pili, ule usioumia, unavyokaa, uushike, uone mteremko wake. Ukishapiga skrubu huwezi kumwambia mbwa asimame tena akuonyeshe.

Babangu hakupenda kazi hii, na lazima niseme, kwa sababu baadhi yenu wazazi wenu wako vilevile. Kanisani Kabuchai alikuwa akiwaambia wazee kwamba binti yake anatibu ng'ombe wa gredi wa mashamba makubwa ya Kitale. Ni kweli niliwatibu. Lakini siku moja nikamwambia nimeshinda asubuhi nzima nampasua mbwa. Akaweka kikombe chini. "Mbwa ya nani?" akaniuliza, kwa maana hakuweza kufikiria mbwa wa mtu wa kawaida. Nikamwambia ni wa mwanamke anayeuza samaki wa omena. Mwaka uliofuata mbwa wake mwenyewe aligongwa na baiskeli, na mzee akamleta mpaka Matisi ndani ya gunia, kichwa tu kimetokea nje, akaniambia nisimwambie mtu kanisani.

Sasa nifike kwa Karani, maana huyo ndiye mliyeniomba tangu mlipoketi.

Karani alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, wa mama mmoja wa Bokoli kule karibu na Webuye. Kila mtu alimwita mama huyo Kukhu Nanjala, kwa maana kwetu nyanya tunamwita kukhu. Kazi yake ilikuwa kuchua. Mtu amekaza shingo, ameteguka bega, mgongo umekataa kunyooka, alikuwa anapelekwa kwa Kukhu Nanjala. Anachemsha maji ya chumvi, anapaka mafuta, anachua taratibu huku anakuuliza habari za kwenu, na kabla hujamaliza kumjibu, kiungo kimelegea. Nilimjua kwa sifa kabla ya kumwona, kwani mamangu alipelekwa kwake mara mbili na akarudi anatembea kama msichana.

Lakini macho ya Kukhu yalikuwa yameanza kumwacha. Aliona mwanga na vivuli tu. Karani ndiye aliyempokea mgonjwa pale getini na kumleta mpaka barazani, ndiyo maana akapewa jina hilo. Na Kukhu alipoitwa kwenda nyumba za watu, Karani alitangulia kwenye vijia vya mashamba ya miwa, yeye nyuma ameshika kamba iliyofungwa shingoni mwa mbwa. Hakuna aliyemfundisha mbwa yule. Walianza tu, yeye na mama, wakazoeana.

Siku moja trela la miwa liliegeshwa karibu na boma, watoto wakalipanda kuvuta miwa, na Karani akapanda nao akalala juu kabisa kwenye jua. Trekta likawashwa. Akaruka. Kukhu alisikia mlio mmoja tu, na mbwa alipomjia alikuwa anatembea na kiganja chote cha mguu wa mbele.

Bila shaka alimchua. Alimchua wiki mbili, asubuhi na jioni, na kadiri alivyochua ndivyo mguu ulivyozidi kulala chini. Siwezi kumlaumu, maana kila alichokijua kilimwambia kwamba kiungo kinachouma kinataka kulegezwa.

Aliyewaleta Kitale alikuwa Wafula, mwanawe, fundi wa umeme aliyekaa Nairobi, mtaa wa Umoja. Alikuwa amekuja kumchukua mamake, na hakuficha. Alinieleza mbele ya mama mwenyewe, nikiwa bado nampapasa Karani mguu. Mama hawezi tena kutoka nje bila mbwa, juzi alianguka kwenye mtaro, majirani wamempigia simu mara nyingi, yeye huko mbali hapati usingizi. Amempangia chumba. Mama amekataa katakata, na mwishoni wamekubaliana hivi: mbwa akirudi kumwongoza, mama anabaki Bokoli. Asiporudi, mama anaenda Umoja.

"Ghorofa ya nne," Kukhu akaniambia. "Ati nitakuwa nakaa kwa kiti nasikiliza maji ikipita kwa paipu."

Wafula hakuwa mtu mbaya, sitaki mmfikirie hivyo. Alikuwa mtoto aliyeogopa kupigiwa simu ya msiba. Na mama naye hakuwa mkaidi tu. Mikono yake ilikuwa inatafutwa na watu wa vijiji vitatu, na kwenye chumba cha Umoja isingetafutwa na mtu. Niliwatazama wote wawili nikahisi uzito wa mguu ule ambao nilikuwa nimeushika kwa vidole viwili.

Nikamweleza Kukhu. Nilitumia maneno ya mafundi wa geti. Nikamwambia nitakichomelea kifundo kisicheze tena. Alisikiliza, kichwa kimeinama upande, halafu akacheka mpaka akatafuta kitambaa cha kufutia macho.

"Nasimiyu," akasema, kwa maana alikuwa ameshauliza jina langu na la babangu na la ukoo wetu, "mimi tangu niolewe nafungua viungo ya watu. Na wewe umesoma hiyo miaka yote, ukasomea kufunga?"

"Ndiyo, Kukhu. Kufunga hiki kimoja."

"Na baadaye ukifungue?"

"Hapana. Kikae hivyo."

Akanyoosha mkono akagusa sikio la Karani. Kisha akasema nifanye, lakini nisimwambie mtu wa Bokoli kwamba yeye alikuwepo akakubali.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, na nitawaambia kwamba ulinifurahisha, kwa sababu kuna siku mikono yako inafanya unachotaka na unajisikia kuimba. Chebet, msaidizi wangu, alikuwa anaangalia pumzi ya Karani. Nilikwangua gegedu mpaka vitone vya damu vikachungulia kila kona, nikachota mfupa laini begani, nikaupakia katikati, nikalaza bamba, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine. Nilijikuta napiga mluzi wa wimbo wa kanisa, na Chebet akaniambia nimeanza kuwa mzee Gathogo. Kukhu alikuwa nje kwenye benchi muda wote, na nilipotoka nikamkuta tayari ameshapata wateja wawili pale kwenye foleni yangu, mmoja wa bega na mwingine wa kiuno.

Tukaja kwenye plasta. Mfupa ukiwa unashikana, unataka utulivu, na bamba peke yake linaweza kuchoka. Kwa hiyo tunavika mguu plasta. Lakini mimi nilikuwa na kawaida ya kuikata plasta ile pande mbili, kama ganda la njugu, na kuifunga tena kwa bandeji, ili niweze kuifungua na kuangalia kidonda. Ni njia nzuri na bado naipendekeza. Shida yake ni moja, kwamba kama mimi naweza kuifungua, na mwingine anaweza.

Nilimweleza Kukhu mara tatu asiguse. Wafula akaeleza mara ya nne, kwa Kibukusu, kwa sauti kubwa, kana kwamba aliyekuwa na shida ni masikio. Kukhu akasema amesikia, yeye si mtoto.

Nilipanga kupita Bokoli kila nikienda nyumbani Kabuchai. Mara ya kwanza mambo yalikuwa sawa. Mara ya pili nilifika asubuhi, Karani akaja kunipokea akichechemea kwa furaha, nami nikainama kuangalia mguu. Nikaona fundo la bandeji. Ndugu zangu, mimi hufunga mafundo mabaya, hata Daktari Gathogo alishanisema. Lile lilikuwa fundo zuri, limekaa kama la kilemba cha Jumapili. Nikanusa plasta. Ilinuka mafuta na chumvi.

"Kukhu, nani amefungua hii?"

Alikuwa amekaa barazani, sufuria ya maji ya moto miguuni pake. "Mimi sijafungua, mwanangu. Nilikuwa naisalimia tu."

Nilikasirika, na nikikasirika hasira yangu huwa haina aibu. Niliongea. Nilisema habari za mifupa iliyokuwa ikijaribu kushikana, na mtu anakuja kila siku kuitenganisha. Nilimuuliza kama anataka kwenda Umoja. Hilo la Umoja lilimfikia. Mikono yake ikaacha kusugua magoti yake, ikatulia.

"Watu wanakuja hapa wamekaza," akasema, "wanaenda wamelegea. Hiyo tu ndio kazi najua. Halafu unaniletea mguu imekaza inalala kwa mlango yangu, inalia usiku, na unaniambia nisiguse. Nasimiyu, wewe ungeweza?"

Nilifikiri jinsi ninavyoshindwa kupita mbwa anayechechemea barabarani bila kumsimamisha, hata kama ni wa mtu nisiyemjua, hata nikiwa na nguo za kanisani. Nikaketi kwenye ngazi. Nisingeweza.

Tulimbeba Karani mpaka Kitale siku hiyo hiyo, Kukhu kwenye kiti cha mbele, mbwa mapajani mwake. Eksirei ilionyesha skrubu moja ya chini imeanza kutoka. Mifupa ilikuwa bado haijashikana, ila haikuwa imeachana pia. Nilimlaza tena, nikafungua sehemu ndogo tu, nikaitoa skrubu hiyo na kuweka nyingine nene zaidi, nikafunga. Nilimpigia Wafula simu. Aliniomba nimwambie ukweli na nikamwambia: inaweza kushika, inaweza isishike. Kisha akaniambia amenunua kitanda cha mama, na ameomba mwenye nyumba ampatie chumba cha chini ili asipande ngazi.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo hamtalikuta kwenye kitabu chenu cha upasuaji, au mkilikuta litakuwa limeandikwa kwa namna ya kulaza mtu. Nilikuwa nimempa Kukhu neno "usiguse," na mikono yake haikujua la kufanya na neno hilo. Ilhali kwenye mguu ule ule kulikuwa na kazi. Mguu uliofungwa plasta, kiwiko chake kinaanza kukaza, bega linapoteza nyama, vidole vinavimba. Mtu anayejua kuchua angesaidia sana, mradi tu akae mbali na kifundo.

Yeye haoni, kwa hiyo kumchorea mstari kusingefaa. Nikamtuma Chebet kwa fundi wa baiskeli alete kipande cha tyubu kuukuu. Nikakata vipande viwili, nikavishona juu ya bandeji, kimoja kwenye mwisho wa juu wa plasta, kimoja mwisho wa chini, bila kubana ngozi. Kisha nikachukua vidole vya Kukhu nikavipitisha pale.

"Kutoka hii raba kwenda juu, ni kwako. Kiwiko na bega, chua upendavyo. Kutoka hii ya chini kwenda chini, vidole, ni kwako. Kati ya raba na raba ni kwangu."

Alizipapasa zile raba mara nyingi, kwenda na kurudi.

"Sasa hiyo ni mpaka," akasema. "Mbona hukuniwekea mpaka mapema? Mimi ni mtu wa shamba."

Kuanzia siku hiyo mambo yalibadilika. Kila nikipita Bokoli nilikuta fundo langu baya liko palepale. Bega la Karani likajaa nyama. Wagonjwa wa Kukhu walipomtania, ati mwenye kunyoosha wengine ana mbwa mwenye mguu wa mti, alikuwa akiwajibu kwamba kuna sehemu ya daktari na sehemu yake, na kama wana swali kuhusu sehemu ya daktari waende Matisi. Mwanamke mmoja kweli akaja Matisi. Alitaka nimchomelee mumewe goti ili aache kutembea tembea.

Siku ya kufungua plasta Wafula alikuja kutoka Nairobi, akapitia Bokoli akawaleta mama na Karani. Alikuwa amekuja na begi kubwa tupu la nguo za mama, akaliacha ndani ya gari, lakini mlango haukufungika vizuri na wote tuliliona. Mama alilisikia, nadhani, maana njia nzima alimkumbatia Karani, Wafula aliniambia.

Nilipiga picha. Nikaitazama kwenye skrini ya mashine mpya tuliyokuwa tumepata, nikaisogeza, nikaitazama tena. Pale palipokuwa na mistari myeusi kati ya mfupa na mfupa, mistari ilikuwa imekwisha. Nilimwita Wafula nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Yeye ni mtu wa nyaya, anapenda kuonyeshwa. Alitazama kwa makini, akauliza maswali mazuri.

"Picha ni yenu," Kukhu akasema kutoka kwenye benchi. "Mimi nipeni mguu."

Nikazikata zile raba. Nikatoa ganda moja la plasta na la pili. Karani akaulamba mguu wake kwanza, kama kuhakikisha ni wenyewe, kisha akaukalisha mapajani mwa mama. Kukhu akaushika. Kidole gumba juu ya kifundo, vidole vinne chini yake, kama alivyowashika watu wote wa Bokoli maisha yake yote. Akausukuma kidogo. Akauvuta. Akauzungusha, akitafuta mahali penye kuachia. Hakupapata. Alijaribu tena, polepole zaidi, na Karani hakulia wala hakuvuta mguu. Alikuwa anatazama nje ya mlango, kwenye nyama choma ya jirani.

"Kimekufa," Kukhu akasema.

Wafula akanigeukia, uso umemshuka. Hakuwa amemwona mamake anavyotabasamu.

"Kimekufa vizuri," mama akasema. "Hii imekufa vizuri kabisa. Nasimiyu, umeua."

Akamwomba Wafula kamba. Wafula akaleta ile ya zamani kutoka kwenye gari, akaifunga yeye mwenyewe shingoni mwa mbwa. Tukatoka nje sote, Chebet naye, na mafundi wa geti wakazima mashine zao kwa sababu walikuwa wanaijua kesi hii tangu mwanzo. Kukhu akashika kamba. Karani akaanza kutembea. Mguu ule aliurusha kidogo upande kila alipoupeleka mbele, hilo halijaisha mpaka leo, lakini alikanyaga kwa vidole, wima, na mguu ukaubeba uzito wake wote. Mbele yao palikuwa na mtaro uliochimbwa kupitisha bomba. Karani akafika, akasimama. Kukhu akasimama nyuma yake. Mbwa akageuka kushoto, akafuata ukingo mpaka kwenye ubao wa kuvukia, akavuka, na mama akavuka nyuma yake bila hata kupunguza mwendo.

Mafundi walipiga makofi. Mimi nililia, na sikutafuta sababu nyingine ya kusingizia.

Wafula hakupiga makofi. Aliwafuata mpaka ng'ambo ya mtaro, akachuchumaa kwenye vumbi na suruali yake nzuri, akamshika mbwa uso kwa mikono miwili.

"Haya, Karani," akamwambia. "Nakuachia mama."

Kukhu alikuwa tayari amevuta kamba. Alimwambia mwanawe ainuke, awashe gari, kuna mzee wa Bokoli amekaza shingo tangu Jumapili na anamngoja.